Darubini ya 8x42, nimeipeleka bwawani alfajiri

Watu wengi wakinunua darubini ya ndege wanakimbilia 10x, yaani inayokuza mara kumi, wakiamini ndo itawasogezea ndege zaidi, na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka juzi nilipoamka saa kumi usiku nikapanda na hii 8x42 hadi bwawa la maji kule juu milimani. Mwisho wa majira ya machipuko jua linawahi kutoka lakini upepo wa bwawani hauna huruma, mikono inatetemeka, na 10x inakuza huo mtetemo pia, ndege anabaki anacheza cheza tu. Hii imetulia.

Halafu mwanga. Gawanya 42, ambao ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, kwa 8 ya ukuzaji unapata 5.25, hizo ni milimita za duara la mwanga linalofika jichoni, wakati 10x42 inaishia 4.2. Jua likishawaka huoni tofauti ila kwenye kiza kiza kile cha alfajiri, mboni ikiwa bado imepanuka, aisee utaona.

Basi nimekaa kwenye jiwe, chamchanga akatua ukingoni kama mita 15 hivi, wale wanaonyanyua nyanyua mkia bila kupumzika, wanashinda msimu wa baridi Afrika halafu wanakuja kutaga kwenye kingo za maji kama hizi. Niliiona ile kabari nyeupe inayopanda mbele ya bega, nikaona na tone la maji linaning'inia kwenye ncha ya mdomo wake, yaani nilibana pumzi! Akaruka chini chini juu ya maji, mabawa yamekakamaa, na kwa kuwa 8x inaonyesha eneo pana sikumpoteza mpaka akatua ng'ambo. Mbayuwayu ndo kazi, nilijaribu mara tatu nikampata mara moja.

Wa miwani shusheni zile raba za jichoni, la sivyo mtaona duara dogo tu. Ndani imejazwa naitrojeni kwa hiyo haishiki ukungu, nje ukipumulia kioo futa mwenyewe.

Kwa bata walioko mbali katikati ya bwawa haitoshi, hapo ni teleskopu na tripodi. Na kamba yake ni mbaya kwa kweli, nyembamba, inakata shingo baada ya saa moja, nunua ile ya kuvaa mabegani siku hiyo hiyo. Nyota nne, ya tano imeondoka na kifuniko cha lenzi ya mbele kilichochomoka chenyewe kikatumbukia majini.