Jaguar E-Type au Porsche 911? Nimemiliki yote mawili

E-Type yangu ilikuwa ya mwaka 1966, injini ya lita 4.2. Nilikaa nayo miaka sita, nikaiuza, nikachukua Porsche 911T ya 1972 ambayo ninayo mpaka leo. Naishi Uingereza, si mbali na Coventry ilikotengenezwa hiyo Jaguar, na kila mara ndugu huniuliza: mtu akijaliwa pesa za gari la kale, achukue lipi?

Kwa uzuri hakuna ubishi, ni E-Type. Malcolm Sayer aliyeichora bodi yake alitokea kwenye utengenezaji wa ndege, na unaliona hilo ukiitazama kwa ubavu. Boneti lote hufunguka kuelekea mbele, na chini yake unakuta silinda sita na kabureta tatu. Nilikuwa nalifungua hata pasipo na kazi, niangalie tu.

Adui yake ni kutu. Nilinunua kwa macho, rangi inang'aa, muuzaji anaapa bodi ni safi. Miezi mitatu baadaye fundi akaviringisha sumaku kwenye kitambaa, akaipitisha taratibu kwenye kizingiti cha mlango. Ikanata, ikanata, halafu ikamdondokea mkononi. Chini ya rangi hapakuwa na bati, ni pati tupu, ule udongo wa kuzibia matundu. Baridi nzima gari lililala gereji. Breki za nyuma nazo zimebanana na difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, katikati ya gari. Kubadilisha diski tu, fundi wangu alishusha mtambo wote wa nyuma. Kwenye foleni, mshale wa joto ulinikosesha raha.

Porsche niliitamani tangu utotoni. Baba aliiona Safari Rally ya 1974, dereva Msweden Waldegård akiwa na 911 akashika nafasi ya pili nyuma ya Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh, na hakuchoka kutusimulia. Injini iko nyuma na hupozwa kwa hewa, kwa hiyo rejeta huna. Oili unaipima injini ikiwa ya moto na inanguruma, gari limesimama pa tambarare. Ukipima ya baridi utajaza kupita kiasi. Halafu toleo la 1972 lina kifuniko cha oili nje, ubavuni kulia nyuma ya mlango. Watu walikuwa wakimimina petroli humo, kiwanda kikakiondoa. Ukimwazima mtu gari, mwoneshe kwanza.

Kwenye kona yenye maji usiachie pedali ya mafuta ghafla, mkia utakuja mbele. Na sumaku usiisahau hata huku: 911 zilianza kupata bodi kamili ya mabati yenye zinki kwenye matoleo ya 1976, za kabla ya hapo zinaliwa na kutu vilevile.

Anayetaka gari la kutoa bandani Jumapili yenye jua, achukue E-Type, ila alipie ukaguzi wa bodi kabla ya kulipia gari. Mimi napenda kuendesha. Juzi nimekwenda Wales na kurudi, mvua njia nzima, na kitu pekee nilichogusa ni kijiti cha oili.