digiKam: Utafutaji wa folda na faili katika maktaba ya picha

Kwa mtu mwenye maelfu ya picha na video zilizotawanyika katika folda nyingi, digiKam ni programu huria ninayoipendekeza bila kusita, hasa kwa jinsi inavyotafuta. Albamu zake ni folda zilezile zilizomo kwenye diski, hivyo ukiandika sehemu ya jina katika kisanduku kilicho chini ya orodha ya albamu, orodha hiyo hupungua papo hapo na kubakiza folda zinazolingana.

Kilichonivutia zaidi ni utafutaji wa kina. Unaweza kuomba kwa pamoja picha zilizopigwa kati ya tarehe mbili, zenye lebo fulani, zilizopewa nyota 4 au zaidi na zilizotoka kwenye kamera moja tu, kisha ukauhifadhi utafutaji huo kwa jina, na kila unapoufungua, picha mpya zinazotimiza masharti hayo zitakuwemo. Dirisha lake lina sehemu nyingi za kujaza, kwa hiyo anayeanza atahitaji uvumilivu.

Majibu huja haraka kwa kuwa taarifa za kila faili huwekwa katika hifadhidata, kwa kawaida ya SQLite, na programu hailazimiki kuzipekua faili zote upya. Ninashauri pia uruhusu lebo ziandikwe ndani ya faili zenyewe au katika faili za XMP (faili ndogo za maelezo ya picha) kandokando yake, ili kazi yako isipotee utakapohamia programu nyingine.