Wahariri walioniuliza mgonjwa alikuwa nani

Mwezi uliopita nilipeleka mswada wa historia ya ukoo wetu, kurasa 64 zilizochapwa kwa kompyuta, kwa walimu wawili wastaafu wa Kiswahili wanaotoa huduma ya uhariri mjini Mtwara. Malipo yao ni shilingi 3,000 kwa ukurasa. Nilitoa nusu ya malipo siku ya kuukabidhi mswada, na nusu nyingine nilipourudishiwa baada ya siku 12. Nilichotarajia ni kusahihishiwa tahajia na alama za uakifishaji. Hayo waliyafanya vizuri, lakini kilichonifanya niandike tathmini hii ni jinsi walivyosimama kwenye viunganishi vyangu, kimoja baada ya kingine, na kuuliza kama mtu anayefuata baada ya kila kimoja ndiye niliyemkusudia.

Katika ukurasa wa 11 nilikuwa nimeandika kwamba mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, "babu alimkabidhi mdogo wake shamba la mikorosho kwa sababu alikuwa mgonjwa, akahamia Masasi." Pembeni mhariri aliandika kwa kalamu nyekundu: "Ndugu mwandishi, mgonjwa ni nani? Na aliyehama ni nani?" Nilishangaa kuulizwa, kwa kuwa kwangu jambo lilikuwa wazi: mgonjwa ni mdogo wake babu, aliyekuwa na mguu mbovu na asingeweza kutembea hadi shamba la mbali. Nilipoisoma sentensi upya kama mtu asiyeujua ukoo wetu, niliona kwamba anayetoa shamba "kwa sababu alikuwa mgonjwa" huonekana kuwa ndiye mgonjwa, tena aliyeliacha kama amana hadi apone. Wajukuu wa yule mdogo wanalilima shamba hilo hadi leo, na sitaki sentensi yangu ije ionyeshwe kwenye kikao cha ukoo kama ushahidi kwamba liliazimwa tu. Nilimpigia simu baba mdogo ili nihakikishe, akanijibu, "Mguu ulikuwa wa baba yangu, mwanangu. Babu yako alikuwa mzima kabisa."

Waliporudisha maelezo yao, wahariri hao waliniwekea sentensi ileile mara mbili, ya pili ikiwa na "ingawa" mahali pa "kwa sababu". Hakuna kingine kilichobadilika, lakini mtu alibadilika: babu alimkabidhi mdogo wake shamba *ingawa* alikuwa mgonjwa, na sasa akili inakwenda moja kwa moja kwa mdogo, kwa kuwa kinachoshangaza ni mgonjwa kupewa shamba la kulima. Kiambishi *a-* ni kilekile. Kiunganishi ndicho kilichomwambia msomaji wa kumtafuta, kwa kutangulia kumweleza kama atarajie chanzo cha tendo au jambo linalokwenda kinyume nalo.

Nadhani jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Tukisema kikombe kiligonga sahani kikavunjika, au ikavunjika, ngeli inatosha kutuambia kilichovunjika ni kipi. Ila watu wote wamo katika ngeli moja ya A-WA, wake kwa waume, wakubwa kwa watoto, na hata ng'ombe wao, kwa hiyo historia ya ukoo ni msitu wa *a-* ambamo msomaji anaongozwa na viunganishi, mpangilio wa matendo na anachokijua mwenyewe kuhusu maisha.

Walinisaidia pia kuona nilivyokuwa nikiitumia "yeye" ovyo. Nilikuwa nimeiweka karibu kila aya nikidhani inafafanua, kumbe katika sentensi ya kawaida kiambishi kinatosha, na "yeye" hufanya kazi yake vizuri inapomtenga mtu na mwenzake: "Kaka zake walipelekwa shule, lakini yeye alibaki kuchunga mbuzi." Walifuta "yeye" nyingi na kuiacha hiyo, na aya ikapumua. Vilevile walinirekebishia "baba wa rafiki yake aliyefariki", ambapo haijulikani kama tumpe pole rafiki au tumlilie.

Kasoro niliyoikuta ni moja, nayo si ndogo. Katika sura ya tatu, ambayo naamini ilipitiwa kwa haraka, maneno "naye" na "nao" yalifutwa kana kwamba ni mapambo. Nilikuwa nimeandika: "Shangazi alimpeleka mama zahanati, naye akajifungua usiku huo." Sentensi iliyorudi ilisomeka: "Shangazi alimpeleka mama zahanati, akajifungua usiku huo." Neno moja likiondolewa, shangazi anakuwa mzazi wangu. Kiambishi *-ka-* huendeleza mfululizo wa matendo, na msomaji huendelea na mtendaji aliyekuwa naye mpaka apewe ishara ya kuhama. "Naye" ndiyo iliyokuwa ishara hiyo, kwa sababu ina kiunganishi na kiwakilishi ndani ya neno moja. Nilihesabu sehemu saba za namna hiyo. Baya zaidi, mabadiliko hayo hayakuwekewa alama pembeni kama mengine, kwa hiyo nisingeyaona kama nisingelinganisha nakala mbili mstari kwa mstari, kazi iliyonichukua jioni nzima. Nilipowapigia simu walikiri, wakarekebisha kwa siku mbili bila kunidai chochote.

Kwa mtu anayeandika wasifu wa marehemu, historia ya familia au kumbukumbu za kikao ambamo ni lazima ijulikane nani alitoa na nani alipokea, naipendekeza huduma hii kwa moyo wote, na bei yao naiona ya haki. Mswada wa pili, unaohusu upande wa bibi, nitawapelekea baada ya mavuno ya korosho. Safari hii nitaomba kwa maandishi kwamba kila "naye" wanayotaka kuifuta waizungushie duara kwanza, waniulize.