TAHADHARI: Ekseli ya mbele ya Land Cruiser 80 iliyokatwa na kuungwa imerudishwa sokoni

Wakuu, habari za kazi. Naandika kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua. Ni yule ambaye wiki hii au ijayo ataona picha ya ekseli ya mbele ya Land Cruiser 80 iliyopakwa rangi ya bluu, bei yake nzuri, muuzaji anajibu meseji usiku na mchana, naye ataanza kuhesabu hela. Ekseli hiyo naijua. Ilikaa gereji kwetu Arusha siku 9. Bomba lake limekatwa likaungwa, na shafti ya ndani nayo imekatwa ikaungwa. Niliirudisha kwa ahadi ya kurudishiwa hela yangu. Hela sijaiona mpaka leo, na ekseli imetangazwa tena.

Jina la muuzaji silitaji kwa sababu shauri liko polisi na nina RB (namba ya taarifa niliyoandikisha polisi). Nitakachoeleza ni jinsi ya kuutambua mzigo wenyewe, maana jina la ukurasa ameshalibadilisha mara moja na namba ya simu mara mbili.

Gari langu ni Hilux Surf KZN130, injini 1KZ. Mbele ina tosheni baa (fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi) na boljointi, kila gurudumu linacheza peke yake. Lami haina shida, lakini mimi napita njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero, Ziwa Natron, nikiwa na mizigo na watu. Anayeijua njia ile anajua mawe yake na vile vifusi vya mchanga. Kila baada ya miezi michache nabadilisha boljointi, na mpira wa joint za mbele unapasuka kwa sababu nimenyanyua gari kwa kukaza tosheni baa, shafti zikakaa kwa pembe kali. Nikaamua kuweka mbele ekseli nzima, yaani bomba moja gumu kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama ya Land Cruiser mkonga. Watu wameshafanya, na ikifungwa vizuri gari linadumu.

Nikapata tangazo kutoka Dar la "kiti", yaani seti ya vifaa: "Kiti kamili ya kubadilisha Surf, Prado, Hilux. Ekseli ya 80, mikono yake, springi za koili, fimbo za usukani, mabano yote. Imetoka Uarabuni. Difu 4.30. Unafunga tu." Difu 4.30 maana yake propela inazunguka mara 4.3 magurudumu yakizunguka mara moja. Bei shilingi 4,600,000. Nikapiga simu. Kijana anaongea vizuri, ananiita bosi wangu, anajua injini, anajua difu. Nilimuuliza upana, maana ekseli ya 80 ni pana kuliko ya Surf, kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya tairi inakaribia sentimita 160. Akajibu bila kusita: "Hiyo tumeshaisawazisha, bosi wangu, inaingia kwenye Surf bila tairi kutoka nje ya madigadi." Hapo ndipo ningesimama. Neno "tumeshaisawazisha" lilikuwa ndiyo ungamo lenyewe kwamba imekatwa, mimi nikalisikia kama sifa.

Nilituma 3,500,000 kwanza, na 1,100,000 mzigo ulipopakiwa. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala halikuwa lake. Akasema ni la mhasibu wa stoo. Nikathibitisha.

Mzigo ulifika kwa fuso. Kwa macho ulikuwa mzuri mno: rangi nyeusi inang'aa, bolti zimepakwa grisi mpya, hata kizibo cha oili kimefutwa. Fundi wangu ni mzee aliyefanya kazi ya magari ya safari miaka mingi. Hakusifia chochote. Alizunguka ile ekseli mara mbili, akainama, akaniambia, "Kijana wangu, ekseli ya zamani haiwi laini hivi. Nipe nyundo."

Akaanza kugonga bomba taratibu, kuanzia kwenye difu kwenda nje, upande mrefu. Ti, ti, ti, mlio wa chuma. Alipofika kama shubiri mbili kabla ya nako (kiungo cha mwisho wa bomba kinachokatisha gurudumu kona), mlio ukafa. Akagonga tena palepale, kipande cha puti kikadondoka, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Chini yake kulikuwa na mshono wa kuchomelea umesagwa kwa grenda mpaka ukawa sawa na bomba. Tukapiga brashi ya waya kuzunguka. Mshono wote una vitundu vitundu kama mkate, na sehemu moja moto haukuingia kabisa: ncha ya msumeno wa chuma inapenya.

Tukafungua. Oili ya difu ilitoka imechanganyika na grisi, rangi ya uji wa ulezi, maana sili za ndani za nako zimekufa. Hilo peke yake si kosa kubwa, sili na beringi za nako zinabadilishwa. Lakini tulipovuta shafti ya upande mrefu na kuifuta kwa dizeli, katikati yake kulikuwa na pete ya rangi ya bluu na kahawia, upana wa vidole viwili. Rangi hiyo ni alama ya moto. Shafti imekatwa, ikatolewa kipande, ikaungwa, halafu ikasagwa na kupakwa grisi.

Naomba nieleze hapa kwa nini mzee aliiweka shafti chini bila kusema neno. Kufupisha ekseli si dhambi. Wapo wanaofanya kazi hiyo vizuri: bomba linafungwa kwenye jigi (fremu ya kulishikilia) lisipinde, linawekewa kipande cha bomba kwa ndani kabla ya kuchomelewa, na shafti inatengenezwa mpya kwa urefu unaotakiwa, au inakatwa na kuchongwa meno upya. Shafti haiungwi katikati kwa welding. Chuma chake kimepikwa kiwandani kiwe kigumu, na ukikichoma unaua ule ugumu palepale kwenye kiungo. Kwenye mlima, gari liko fowili na mzigo umeelemea, kitakatika hapo. Na bomba la mbele si kama la nyuma. Linabeba na usukani. Likifunguka mshono kwenye mwendo, gurudumu linalala upande wake, na huna cha kushika.

Bado haikuisha. Mzee aliweka ekseli juu ya stendi, akaisawazisha, akapima mlalo wa nako zote mbili kwa kipima pembe cha simu. Kulia digrii 3, kushoto karibu 6. Maana yake waliounga hawakuwa na jigi, upande mmoja ulizunguka wakati wa kuchomelea. Gari hilo lingevuta upande mmoja siku zote na hakuna alaimenti ya kulitibu, kwa sababu kwenye ekseli nzima pembe hiyo imo ndani ya chuma chenyewe.

Na difu haikuwa 4.30. Hili kila mtu anaweza kulipima nyumbani, naomba mlishike. Ekseli ikiwa kamili, zuia gurudumu moja lisizunguke, chora alama ya chaki kwenye la pili na kwenye flenji ya propela, kisha zungusha lile la pili raundi 2 kamili huku mwenzako akihesabu flenji. Ikizunguka mara 4 na kama sehemu ya kumi, hiyo ni 4.10. Ikizunguka mara 4 na karibu theluthi, ni 4.30. Ukiwa umefungua difu, hesabu meno: kraun (gia kubwa) ya 41 na pinioni (gia ndogo) ya 10 ni 4.10, 43 kwa 10 ni 4.30. Yetu ilikuwa 41 kwa 10, na nyuma yangu ni 4.30. Mtu anaweza kuona tofauti ni ndogo. Propela zikizunguka mara 100, magurudumu ya mbele yangezunguka mara 24.4 na ya nyuma 23.3. Yaani kila baada ya mita chache mbele inataka kwenda mbali kuliko nyuma. Kwenye mchanga tairi zitateleza na kusamehe. Kwenye ardhi kavu unavunja transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma.

Ile "kiti kamili" nayo ilikuwa na fimbo ya usukani iliyopashwa moto na kupindwa kwa jicho, na mabano ya mikono yaliyokatwa kwenye bati la milimita 4. Hakukuwa na breki hozi ndefu, na ekseli nzima inashuka kuliko mbele ya zamani, hozi fupi inachomoka. Fimbo ya panadi (inayozuia ekseli isisogee pembeni) ilikuwa fupi kiasi kwamba isingeweza kulala sambamba na fimbo ya usukani. Zisipolala sambamba, kila shimo unalopita usukani unajizungusha wenyewe mikononi.

Nilipompigia, hakubisha. Hilo ndilo lililonipoza. Alisema, "Pole sana bosi wangu, vijana wa stoo wamenichanganyia mzigo, rudisha, hela yako unapata siku hiyohiyo." Mzee alinikataza. Aliniambia nisirudishe kabla hela haijaingia, au niirudishe kwa mkono wangu mbele ya mtu wa serikali za mtaa. Sikumsikiliza, nilitaka yaishe. Kabla haijapakiwa alichukua patasi akagonga vijistari vitatu vilivyolala pamoja chini ya kizibo cha kumwagia oili, na kimoja ndani ya bakuli la nako ya kushoto. Nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa anajua inakoelekea.

Mzigo ulipokelewa Dar, nina risiti ya fuso. Kuanzia siku hiyo hela ikawa kesho, ikawa Jumatatu, ikawa benki ina tatizo la mtandao, kisha simu ikawa haipatikani. Jumla nimepoteza 4,600,000 na nauli ya mzigo kwenda na kurudi 360,000.

Wiki ya tatu rafiki yangu wa Moshi akanitumia tangazo, akiniuliza kama hii ingemfaa Prado yake. Ekseli ya 80, rangi ya bluu, imetoka Uarabuni, difu 4.30, unafunga tu. Nilimwambia aombe picha ya chini, kwenye kizibo cha oili. Ikaja. Nilivuta picha mpaka ikawa chengachenga, na vile vijistari vitatu vilikuwepo, rangi mpya imejaa ndani yake lakini umbo halikufutika. Mshono wa bomba umefunikwa tena. Rafiki yangu alikuwa ameshaandaa hela ya kwanza. Ana watoto wanne na wote huwa wanapanda gari lile.

Kwa hiyo nawaomba. Ukiletewa picha ya ekseli ya mbele ya 80 ya bluu, au hata ikipakwa rangi nyingine kesho, omba picha ya chini ya kizibo cha oili na picha ya bakuli la nako ya kushoto kwa karibu. Akikataa au akisema iko stoo nyingine, achana nayo. Na kwa ekseli yoyote ya mtumba, mwambie muuzaji apige brashi ya waya kwenye mabomba yote mawili mbele yako, kwa simu ya video kama uko mbali. Kisha avute shafti moja na kuifuta. Mwenye mzigo safi anafanya hilo kwa dakika 40 na halimuudhi, nimeshapata wawili waliokubali bila neno. Hela ilipwe kwa jina lilelile la mtu unayeongea naye, na iliyo nyingi ilipwe fundi wako akiwa ameshashika mzigo.

Kama gari lako ni Surf au Hilux kama langu, mzee ananishauri tutafute mbele ya Hilux LN106, zile za 2.8 zilizotoka kiwandani na ekseli nzima na springi za majani. Ni za ukoo mmoja na gari langu, upana wake hauhitaji mtu kushika msumeno, na unaweza kuchukua ekseli, springi, mabano na boksi la stering kutoka gari moja. Tumeona moja Babati, hatujalipa, mzee anakwenda Jumamosi na nyundo yake.

Aliyeuziwa na mtu huyu, au aliyekwishatuma hela ya kwanza, aniandikie pembeni nimpe namba ya RB yangu aiambatanishe na yake. Mpaka sasa tuko watatu. Na aliyeifunga tayari kwenye gari ekseli yenye vijistari vitatu chini ya kizibo, tafadhali usiliendeshe leo. Lipandishe kwenye stendi, vua gurudumu, ita fundi avute shafti ya upande mrefu.