Bustani ya mvua Njiro: jembe safi, vipimo nusunusu

Kila masika, maji ya paa la nyumba yetu ya wageni hapa Njiro, Arusha, yalikuwa yakifurika uani na kumwagikia kwa jirani. Mwezi Oktoba nikaajiri kikundi cha wataalamu wa bustani kituchimbie bustani ya mvua, yaani beseni la udongo lenye mimea linalokusanya maji ya mvua yazame ardhini, na, kama tangazo lao lilivyoahidi, kitupimie utendaji wake.

Kwa uchimbaji sina la kulalamika: beseni lina kina cha kutosha, nyasi za vetiva zimeshika kingo, na maji ya mvua za vuli yalizama kabla mbu hawajapata makazi. Paa letu ni mita za mraba 120, na kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, mvua ya milimita 20 hutuletea lita 2,400. Hesabu hiyo kijana wao aliiandika kwa chaki ukutani, nami nikaielewa kuliko ripoti nzima. Kupima udongo unanywa maji kwa kasi gani, kijana huyohuyo alipigilia pete ya chuma udongoni, akaijaza maji na kusoma rula kila baada ya dakika tano, akarudia mpaka kasi ikatulia, maana udongo mkavu hunywa kwa pupa mwanzoni na kudanganya.

Kasoro ni kwamba hakuna aliyepima uwanja kabla ya kuchimba, hivyo ripoti inaposema mafuriko yamepungua, haisemi yamepungua kutoka wapi. Kipimajoto kilitundikwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la adhuhuri, kikapima ukuta badala ya hewa, na kipimamvua kiliwekwa chini ya mti wa mgrevilea, unaokikinga mvua. Ukurasa mzima umetumika kuhesabu miche, ambayo kwangu ni gharama, si matokeo. Jalada la ripoti linataja kiwango cha mwaka 2020 cha IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, kuhusu miradi inayotumia maumbile kutatua matatizo, chenye vigezo 8 na viashiria 28, ambacho hudai ufuatiliaji katika maisha yote ya mradi. Wetu ulifuatiliwa wiki mbili, tena kabla ya masika.

Nilipolalamika walirudi bila malipo, wakapima kwa pete ile sehemu ya uwanja isiyochimbwa ili tupate cha kulinganisha, na kuhamishia kipimamvua peupe. Sasa nakisoma mwenyewe kila siku saa tatu asubuhi. Kwa kuchimba ningewaita tena kesho. Kwa kupima, tungeandikiana kwanza nini kitapimwa, lini na kwa muda gani, ndipo jembe liguse ardhi.