Triga mpya kwenye bunduki ya Baba: uzoefu wangu

Bunduki ninayopigia shabaha ilikuwa ya Baba. Ni raifeli ya kuwindia ya risasi za .30-06, mfumo wa Mauser 98 wa Kijerumani, na aliitumia kihalali mpaka 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchini. Tangu mwaka huo haijalenga mnyama. Leo iko kwenye leseni yangu, na kazi yake ni kutoboa karatasi kwenye uwanja wa shabaha wa Kirigiti, Kiambu, Jumamosi nikipata nafasi ya kutoka Nairobi.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilijilaumu. Risasi mbili zinaingia vizuri, ya tatu inatoroka kulia upana wa kiganja. Nikabadilisha aina ya risasi, nikakaza upya vishikizo vya darubini, nikajifunza kupumua. Hakuna kilichosaidia.

Aliyeugundua ugonjwa ni fundi mmoja mzee mwenye leseni ya kutengeneza silaha. Alihakikisha chemba ni tupu, akaweka risasi bandia, kisha akalaza sarafu ya shilingi kumi juu ya mtutu, karibu na mdomo. "Vuta, binti yangu." Sarafu ikaanguka. Mara tano nilivuta, mara tano ikaanguka.

"Mkono wako ni mzima," akasema. "Unapigana na triga."

Triga, kile kipande unachovuta kwa kidole, tuliipima kwa mizani ya ndoano: ilihitaji mvuto wa karibu kilo 3 ili iachie. Triga za Mauser 98 zilibuniwa kwa ajili ya askari, nazo ni za hatua mbili. Kidole kinakwenda bure kwanza, halafu kinagota, na hapo ndipo unapoanza kuvuta kwa nguvu. Yetu ilikuwa na mkwaruzo juu ya uzito, kama droo ya kabati iliyovimba kwa mvua. Kwa askari aliye mbioni, mwenye hofu, uzito huo una maana yake. Kwa mtu aliyelala kifudifudi akitafuta katikati ya duara la mita 100, unayumbisha bunduki nzima.

Tuliagiza triga ya Timney kutoka Marekani kupitia muuza silaha mwenye leseni, makaratasi yote mbele. Kwa jumla ya usafiri na ushuru nililipa karibu mara mbili ya bei ya kule, na nikangoja miezi minne. Ukiwa mtu wa haraka, hilo lijue mapema.

Nilidhani kuifunga ni kazi ya dakika 20, maana triga ya zamani imeshikwa na pini moja tu. Pini ilitoka vizuri, mpya ikaingia, mbao ikachongwa kidogo ili ipate nafasi. Kisha sefti, yaani kizuizi cha usalama kilicho kwenye bolti (komeo la chuma linalofunga chemba), ikagoma kugeuka. Si kosa la triga. Bunduki hizi za zamani vipande vyake vilipatanishwa kimoja kimoja, na ukibadilisha kinachoshika pini ya kupigia, sefti nayo inabidi ipatanishwe upya. Mzee aliinoa ncha ya sefti kwa jiwe, anajaribu, anaifuta mafuta, ananoa tena, tangu asubuhi mpaka saa tisa. Triga yenyewe hakuigusa kwa tupa hata mara moja.

Baadaye, bunduki ikiwa tupu, aliipiga kitako kwenye mkeka wa mpira, akaifunga bolti kwa nguvu mara nyingi, akaweka sefti, akavuta triga, akaachia, kisha akatoa sefti. Pini haikuanguka hata mara moja. Majaribio haya ndiyo niliyolipia. Fundi akikurudishia bunduki bila kuyafanya mbele yako, usiipokee.

Triga mpya ilikuja imepangwa kwenye ratili 3, yaani kama kilo 1.4. Mimi nilitaka nyepesi zaidi.

"Mzee, si tuishushe mpaka kilo moja?"

"Hapana. Asubuhi ya Kiambu mwezi wa saba, kidole kimekufa ganzi, utajuaje kama kimegusa? Zoea hii kwanza."

Akafunga skrubu na kuzitia tone la rangi ya kucha nyekundu, ili zikilegea tuone ufa.

Sasa hakuna safari ya bure wala mkwaruzo. Unakaza kidole, na kabla hujajiandaa imeshaachia. Risasi ya kwanza kabisa ilinishtua, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sarafu inabaki juu ya mtutu. Kwa mita 100 risasi zangu tano sasa zinafunikwa na kiberiti, na ile inayotoroka kulia sijaiona tena. Nilikaribia kuiuza bunduki ya Baba kwa sababu ya kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Inaniuma nikikumbuka.

Triga ya zamani nimeihifadhi kwenye kopo, imepakwa mafuta. Wiki iliyopita, baada ya risasi kama 200, tuliipima mpya tena: kilo 1.4 ile ile, na rangi nyekundu haijapasuka.