Pikipiki ya kazi Tabora: Boxer, TVS, Honda au Mchina?

Kwa bodaboda na mizigo ya Tabora tunazipanga hivi: Boxer BM 150 kwanza, TVS HLX 125 ya pili, Honda ya tatu, za Kichina za bei ya chini mwisho. Hatukupima injini peke yake. Tumeangalia pia chombo kitalala kwa fundi siku ngapi kikisubiri spea.

Hapo ndipo Boxer inapowaacha wenzake. Cheni ikikatika Kaliua, spea yake haikusumbui, na fundi wa chini ya mwembe ameshaifungua mara nyingi. Udhaifu wake ni mwenye nayo kusahau oili. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, iko juu kwenye kichwa cha injini na inazungushwa na taiming cheni, kwa hiyo oili ikipungua, kichwa ndicho kinachokauka kwanza. Ukiwasha asubuhi utasikia inagonga. Kuongezea juu ya oili nyeusi si kubadilisha. Na kwa vumbi la vijiji vya Urambo safisha eya klina kila wiki: vumbi likipenya linakwangua ringi na bloku, kisha unaanza moshi wa bluu.

HLX 125 ni ya abiria wa mjini, haili sana mafuta. Ukiipakia magunia mawili ya mkaa kwenye mchanga, utaishi na klachi mkononi hadi iungue.

Sifa ya Honda haikuokotwa. Pikipiki yake ya CG125 ilipotoka mwaka 1976 waliiondolea taiming cheni, valvu zikasukumwa kwa fimbo, ili ivumilie watu wasiofanya sevisi. Tatizo ni bei ya spea halisi, na feki zinazojaa kwenye maboksi mazuri. Injini hiyohiyo ya fimbo ndiyo iliyonakiliwa kwenye pikipiki nyingi za Kichina, ndiyo maana spea zao huingiliana. Muundo ni uleule, chuma ndicho kinachotofautiana, na kwa macho hutakijua.

Wapo wanaochagua kwa walichokiona MotoGP, mbio za dunia za pikipiki, ambako watengenezaji hupangwa madaraja kwa matokeo yao. Mwaka 2024 Ducati ilikuwa daraja A, Honda na Yamaha daraja D, la chini kabisa. Kanuni zikambana anayeshinda: tairi 170 za majaribio kwa A, 260 kwa D, na muundo wa injini ya A haubadilishwi msimu ukishaanza. Ni mizani ya kusawazisha mbio. Haisemi lolote kuhusu chombo cha kubebea mahindi.

Ukinunua iliyotumika, ikute injini ikiwa baridi. Ukiikuta ya moto, huenda muuzaji anaficha shida ya kuwaka. Vuta cheni nyuma ya sproketi kubwa kama unayeing'oa. Nusu ya jino ikionekana, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, maana meno yaliyochongoka yataimaliza cheni mpya mapema. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole: ukikwama katikati, beringi za stelingi zimekufa. Gonga spoku kwa spana. Inayolia butu imelegea. Mwisho futa tope kwenye chesisi, usome namba yake na ya injini, uzilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu kabla hela haijatoka mfukoni.